Mimea ya Ndani Isiyomdhuru Paka: Mwongozo Kamili Kuanzia Kitaluni Hadi Sebuleni

Picha ninazotumiwa hufanana. Paka amejikunyata pembeni ya kochi, kifua kimelowa udenda, na karibu yake kuna jani lenye alama za meno. Swali nalo ni lile lile: "Muuza miche aliniambia hauna shida. Sasa mbona hivi?"

Muuza miche hakudanganya. Aliulizwa kama mmea una sumu, akajibu akimfikiria binadamu. Yeye huushika kutwa nzima, na wateja wake hawajarudi wakilalamika. Kosa lilifanyika mnunuzi alipoliamini jina la biashara. Kuna "bambuu" ambayo haina undugu na mwanzi, "mtende" ambao si mtende, na mimea chungu nzima inayoitwa "lili". Ukifuata hatua hizi utaweza kusimama kitaluni, chungu mkononi, na kujua kama mmea huo uingie kwako kabla hujatoa pesa.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Simu yenye kamera na bando la intaneti.
- Glavu za mpira na mkasi mkali.
- Mfuko mzito wa taka unaofungika.
- Udongo mpya ambao haujatiwa dawa: udongo wa juu, mboji iliyoiva na mchanga kidogo.
- Vyungu vya udongo au vya simenti. Cha plastiki paka hukiangusha siku ya kwanza.
- Mawe laini ya mviringo yenye ukubwa wa yai la kuku.
- Ngano nzima nusu kilo, ile ya kula.
- Namba ya daktari wa mifugo anayetibu paka.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko yote. Madaktari wengi wa mifugo kazi yao kubwa ni ng'ombe, mbuzi na kuku. Mpigie leo, paka akiwa mzima, umuulize mambo mawili: anaweza kumwekea paka dripu? Anapokea simu usiku? Jibu likiwa hapana, tafuta mwingine kabla hujanunua hata mche mmoja.

## Hatua ya 1: Kagua mimea uliyonayo

Zunguka nyumba nzima, ukianzia barazani hadi bafuni. Piga picha mbili kwa kila mmea: moja ya mmea mzima, nyingine ya mahali jani linapoungana na shina. Picha ya pili ndiyo inayosaidia kuutambua, kwa sababu majani ya mimea mingi hufanana ila maungio yake hutofautiana.

Usisahau maua ya kwenye jagi, zawadi za harusi na mashada ya kipaimara. Maua yaliyokatwa yana sumu ile ile iliyomo kwenye yaliyopandwa.

Tazama pia mimea ya dirisha la jikoni. Vitunguu maji, vitunguu saumu na majani yake huharibu chembe nyekundu za damu ya paka, hata vikiwa vimepikwa. Mchaichai nao humvuta sana paka kwa kuwa unafanana na nyasi, lakini humvuruga tumbo. Uhamishie nje asikofika.

Umefanikiwa ikiwa: kila mmea ndani ya nyumba una picha, na ile usiyoijua jina umeitenga kwenye chumba ambacho paka haingii.

## Hatua ya 2: Ondoa makundi haya bila kujadiliana

Huna haja ya kukariri mimea mia. Jifunze makundi, maana kinachomuumiza paka hufuata ukoo.

### Ukoo wa magimbi

Kama umewahi kumenya magimbi mabichi (Wakenya wanayaita nduma) mikono ikakuwasha hadi ukatafuta ndimu, sumu hii unaijua tayari. Ndani ya mmea mna fuwele za kalsiamu oksaleti, nyembamba na zenye ncha kama sindano. Jani likitafunwa, fuwele hizo hufyatuka na kuchoma ulimi, fizi na koo.

Ukoo huu ndio unaoongoza kwa kupamba sebule zetu: difenbakia yenye majani mapana ya madoa meupe, monstera, filodendroni, anthuriamu, aglaonema, kaladiamu, na ule mmea unaotambaa wenye majani ya umbo la moyo ambao wengi huuita mmea wa pesa (Epipremnum aureum). Zamia yenye majani ya kung'aa (Zamioculcas zamiifolia) pia ni wa humu. Asili yake ni Afrika Mashariki na Kusini, na watu hunijibu, "Lakini huu ni wa kwetu." Ni wa kwetu kweli, na fuwele unazo.

Difenbakia ndiyo iliyonifundisha mimi. Tuliletewa zawadi tulipohamia nyumba mpya, tukaiweka kando ya meza ya chai. Jioni moja nikamkuta Zuhura, paka wangu wa kijivu, chini ya meza hiyo akijifuta mdomo kwa mguu wa mbele. Akajifuta tena, na tena, bila kupumzika, kama mtu aliyeng'ata pilipili na hana maji. Udenda ulikuwa umegandisha manyoya ya kifua. Nilipoligeuza jani nikaona vitundu viwili vya meno, viwili tu, kila kimoja kikiwa na tone la utomvu. Hakuwa amemeza hata kipande. Alikataa chakula hadi kesho yake mchana.

Habari njema ni kwamba ukoo huu hauui paka mara nyingi, kwa sababu maumivu humfanya ateme mapema. Hata hivyo koo likivimba, pumzi huwa ya shida, na hapo ni daktari mara moja.

### Lili za kweli

Hapa nakuomba utulie usome taratibu. Lili za jamii ya Lilium, zile zenye ua kubwa la tarumbeta na chavua ya rangi ya kutu inayochafua nguo, pamoja na lili za siku moja (Hemerocallis), huua figo za paka. Jani, ua, shina, chavua, hata maji ya jagi lenye maua hayo, vyote vina sumu. Paka hana haja ya kutafuna. Akipita chini ya jagi, chavua ikamdondokea mgongoni, kisha akajilamba kama kawaida yake, imetosha.

Siku ya kwanza atatapika na kulegea mwili, halafu mara nyingine huonekana amepata nafuu. Nafuu hiyo imewapoteza paka wengi, kwa kuwa figo zinaendelea kufa kimya kimya na ndani ya siku moja hadi tatu zinagoma kabisa. Dripu ikianza ndani ya saa 18 tangu ale, nafasi ya kupona ni nzuri. Ikichelewa zaidi ya hapo, matumaini hupungua haraka.

Jina letu la Kiswahili nalo linaleta mchanganyiko. Yungiyungi la ziwani ni mmea mwingine kabisa, ila wauza maua wengi hulitumia jina hilo kwa lili za shada. "Lili ya amani" (Spathiphyllum), yenye ua jeupe kama kijiko, ni ya ukoo wa magimbi: huchoma mdomo lakini haigusi figo. Usilete hata mojawapo, ila ukiwa mbele ya daktari ni lazima ujue ni ipi iliyoliwa.

### Sikasi, "mtende" usio mtende

Sikasi (Cycas revoluta) huuzwa kama mtende mdogo wa mapambo. Sehemu zake zote zina sumu inayoharibu ini, na mbegu ndizo kali kuliko zote. Kuitambua ni rahisi: bonyeza ncha ya jani kwa kidole. Ikikuchoma kama sindano, na shina ni nene, la kahawia, lenye magamba kama ganda la nanasi, rudisha chungu mahali pake.

### Jamii ya masale

Masale yana heshima yake Uchaggani, ambako huwekewa mipaka ya mashamba na kuombea msamaha. Kwa paka, kemikali ziitwazo saponini zilizomo humletea kutapika, kulegea na mboni za macho kupanuka. Jamii hii ya Dracaena ni kubwa kuliko unavyodhani. "Bambuu ya bahati" inayouzwa ikiwa imesimama ndani ya glasi ya maji ni Dracaena sanderiana. Ulimi wa mamamkwe, ule wenye majani yaliyosimama kama mapanga, nao siku hizi wataalamu wamemweka humo humo.

### Wenye utomvu mkali na wenye sumu ya moyo

Mnyaa na ndugu zake wa Euphorbia hutoa maziwa meupe yanayochoma macho na mdomo. Waridi la jangwani (Adenium obesum), lenye shina lililovimba chini, lina sumu ya moyo. Wawindaji wa kanda hii walipaka utomvu wake kwenye mishale. Kalankoe, kale ka vyungu vidogo vyenye maua mengi ya rangi, nako hugusa moyo. Oleanda vivyo hivyo.

Mshubiri, yaani alovera, huwashangaza watu kwa sababu wao wenyewe huunywa. Ule utomvu wa manjano ulio chini ya ganda humharisha na kumtapisha paka. Ini la paka halina uwezo wa kuvunja kemikali nyingi ambazo ini letu huzimudu, hivyo dawa yako haigeuki dawa yake.

Namna ya kuondoa: vaa glavu, toa mmea pamoja na mizizi, funga kwenye mfuko. Kama unaugawa, mpe asiye na paka na umweleze sababu. Usiutupe uani, maana paka wa jirani wapo.

Umefanikiwa ikiwa: sakafu imefagiliwa majani yaliyodondoka, na jagi la lili limemwagwa na kuoshwa kwa sabuni.

## Hatua ya 3: Chagua kulingana na mwanga ulionao

Watu huanza kwa kuuliza mmea upi ni mzuri. Anza na dirisha. Mmea unaokosa mwanga hudondosha majani, na majani ya sakafuni ndiyo paka hucheza nayo.

Dirisha linalopigwa jua. Mrihani ni salama, unanukia, na ukikatwa mara kwa mara unazidi kutoa matawi. Asumini ya kweli (Jasminum) ni salama pia, hivyo nyumba ya pwani haina sababu ya kuikosa. Angalia tu usiuziwe kichaka kinachonukia usiku peke yake, Cestrum nocturnum: hicho ni cha ukoo wa mnavu na kina sumu. Waridi dogo la chungu halina sumu, ingawa miiba inachoma. Kwa wapenda mimea minene ya jangwani, chukua ekeveria au haworthia. Haworthia hufanana na mshubiri mchanga, lakini hubaki ndogo kama ngumi na mara nyingi ina vipele vyeupe kwenye majani.

Mwanga wa wastani, mita moja au mbili kutoka dirishani. Hapa ndipo penye utajiri. Areka (Dypsis lutescens) ni ya ukoo wa minazi kweli, yenye vikonyo vya manjano na majani laini, na hujaza kona nzima. Mmea wa buibui (Chlorophytum comosum) hauna sumu, ila paka wanaupenda kupita kiasi. Akila mwingi atatapika kidogo, kwa hiyo uning'inize. Kangaga la Boston (Nephrolepis exaltata) hufaa bafuni penye unyevu. Peperomia na pilea ni ndogo na hazisumbui.

Nitakuomba pia ulitafute ua dogo la zambarau la Usambara, Saintpaulia. Duniani kote hulipanda dirishani, na asili yake ni misitu ya milima ya Tanzania na Kenya. Majani yake yana manyoya laini na paka wengi hawayapendi mdomoni. Limwagilie kupitia sahani ya chini, kwa sababu maji juu ya majani huacha madoa.

Kona yenye kiza kiasi. Aspidistra huvumilia kuliko wote. Kalathea na maranta, zile zinazokunja majani usiku, ni salama na nzuri kutazama, ila hukauka kingo hewa ikiwa kavu.

Kumbuka kwamba "salama" maana yake haina sumu. Jani lolote likiliwa kwa wingi litamtapisha paka.

Umefanikiwa ikiwa: una orodha ya mimea mitatu au minne, kila mmoja una jina lake la kisayansi na mahali utakapokaa. Usinunue zaidi kwa mkupuo mmoja.

## Hatua ya 4: Kitaluni, tambua kabla ya kulipa

Wengi hukwama hapa, wakiwa na orodha nzuri mfukoni.

Kwanza, usiulize "Una sumu?" Uliza "Unaitwaje, na una jina jingine?" Wauza miche wengi wana elimu kubwa ya mimea, na ukimwonyesha jina la kisayansi kwenye simu atakuelewa kuliko unavyotarajia.

Pili, piga picha ya jani, shina na maungio, uitafute kwa programu ya kutambua mimea. Usiishie kwenye jibu la kwanza. Fungua picha tatu au nne za jina hilo, ulinganishe na mmea ulioushika.

Tatu, lichukue jina la kisayansi ulitafute kwenye orodha ya ASPCA, shirika la Marekani la kutetea wanyama, inayotenganisha mimea yenye sumu kwa paka na isiyo na sumu. Jina likiwa halimo, chukulia mmea hauruhusiwi.

Nne, fanya ukaguzi wa mkono kwa mimea inayofanana:

1. *Areka au sikasi?* Ncha ya jani ikichoma, ni sikasi.
2. *Kangaga la Boston au "kangaga" la asparagasi?* Kangaga la kweli lina vijani bapa. La asparagasi lina nyuzi laini kama sindano na vijiiba kwenye shina, na lina sumu.
3. *Mwanzi au masale?* Ikiwa imesimama kwenye glasi ya maji na vijiwe, ni masale.
4. *Ekeveria au kalankoe?* Ekeveria hupanga majani kama ua la waridi lililofunguka, karibu na udongo. Kalankoe hurefusha shina na kutoa mashada ya maua madogo.

Trei za mchanganyiko wa mimea minene zikwepe kabisa. Kwenye trei moja utakuta ekeveria salama imebanana na kalankoe na krasula, na paka hatachagua.

Umefanikiwa ikiwa: unaweza kulitamka jina la kisayansi la mmea kabla ya kulipa. Ukishindwa, ondoka, kesho kitalu kitakuwepo.

## Hatua ya 5: Wiki mbili za kutengwa

Mche salama huweza kufika na sumu ya juu. Vitalu hupuliza dawa za wadudu, na paka hulamba majani.

Osha majani pande zote mbili kwa maji yanayotiririka. Toa mmea kwenye mfuko wake, kung'uta udongo wa zamani, upande kwenye udongo wako mpya. Udongo wa kitaluni unaweza kuwa na chembechembe za dawa au unga wa mifupa, ambao kwa pua ya paka ni chakula.

Kisha uuache barazani au chumba kilichofungwa kwa siku 14. Ukiona wadudu, futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kisha suuza.

Onyo: usiweke vidonge vya naftalini kwenye chungu ili kumfukuza paka, wala usimwagie mafuta ya mkaratusi au ya machungwa. Vyote vinamdhuru kuliko mimea mingi unayoikwepa. Mabaki ya kahawa pia yaache.

## Hatua ya 6: Weka mmea mahali pake

Chungu kizito chini, mmea wa kuning'iniza juu mbali na kabati analoweza kurukia. Panga mawe ya mviringo juu ya udongo hadi usionekane. Paka huchimba udongo laini kwa sababu anauona kama choo. Akikuta mawe anaondoka. Kokoto ndogo hazifai, huzipiga teke sakafu nzima.

## Hatua ya 7: Mpe majani yake mwenyewe

Paka kutafuna majani ni tabia yake ya asili. Ukimnyima yote, atakula yako.

Loweka ngano usiku kucha. Asubuhi itandaze juu ya udongo wenye unyevu kwenye bakuli pana, funika kwa udongo mwepesi. Baada ya siku mbili au tatu itachipua, na ndani ya siku 7 hadi 10 itakuwa na urefu wa kiganja. Iweke karibu na mahali anapopenda kulala. Panda bakuli la pili wiki inayofuata ili lisikosekane.

Maonyo mawili. Usitumie mbegu za duka la pembejeo zilizopakwa rangi nyekundu au ya waridi. Rangi hiyo ni alama ya dawa. Na usitumie mtama: miche yake michanga hutengeneza sayanidi, na wafugaji wanajua ng'ombe wanavyokufa wakiingia kwenye mtama mchanga.

Umefanikiwa ikiwa: majani ya ngano yamekatwa kingo na ya areka yako yapo mazima.

## Paka akishatafuna usichokijua

Toa mabaki mdomoni mwake kwa kidole kilicholowa maji. Kama ni wa ukoo wa magimbi, mpanguse mdomo kwa kitambaa chenye maji baridi. Kama ana chavua mwilini, mfunge taulo asijilambe, umwoshe.

Usimtapishe. Usimnyweshe maji ya chumvi, wala mafuta. Maziwa tunayokimbilia sisi hayazuii sumu ya lili wala sikasi, na yanakupotezea muda. Parasetamoli usimpe hata robo kidonge, maana yenyewe humuua paka.

Piga ile namba uliyoihifadhi. Mwambie daktari mambo manne: jina la mmea, sehemu iliyoliwa, saa ngapi, na uzito wa paka. Kama ni lili au sikasi, usisubiri dalili. Ondoka nyumbani wakati unazungumza. Chukua tawi la mmea ndani ya mfuko uende nalo, na zile picha mbili za Hatua ya 1 zitume mbele yako ili akikupokea awe ameshajua anachotibu.